Upande wa Pili wa Santuri ya Avril

"Tangazo hilo halikai kwenye kundi langu. Lifute, Norris."

"Bibie, watu wameshalisoma. Wameshaanza kuuliza tiketi zinapatikana wapi."

"Lifute hivyo hivyo."

Avril Staniforth alitua kikombe chake cha chai mezani kwa kishindo. Kundi lile la wapenzi wa muziki wa baada ya panki, ule wa magitaa uliovuma mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Sheffield, Uingereza, alilianzisha yeye mwenyewe, na aliliendesha kama mwalimu mkuu anavyoendesha shule. Bendi ya zamani ikirudi jukwaani, yeye ndiye wa kwanza kuitangazia dunia. Bendi moja tu hakutaka hata jina lake litajwe, na ndiyo hiyo Norris aliyokuwa ameiandika asubuhi ile. Bati Baridi.

"Wanarudi, Avril," alisema Norris, tarishi wa posta mstaafu, mtu mpole mwenye masharubu meupe. "Jumamosi ya wiki ijayo wanaanza London. Wote wanne."

"Warudi wasirudi, mimi inanihusu nini?"

"Na Clive yupo."

"Clive gani?"

Norris alivuta masharubu yake. Watu wa rika lao mjini pale walijua ni Clive gani.

"Halafu kuna jambo jingine," akasema. "Ile santuri yao ndogo, ile moja tu waliyotoa. Upande wa pili una mifereji miwili."

"Unasema nini?"

"Miwili. Inazungukana kama nyuzi mbili za kamba moja. Sindano ikiangukia mfereji huu unasikia wimbo mmoja, ikiangukia wa jirani yake unasikia mwingine kabisa. Jana niliweka nikasikia 'Usinisubiri', kama siku zote. Nikainua sindano nimfukuze paka, nikaishusha tena, akaimba mtu mwingine."

"Ulikuwa umekunywa."

"Nilikuwa na chai, bibie, kama wewe sasa hivi. Nimeandika kundini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Santuri zenyewe zilikuwa chache, na nani aliyekuwa na haja ya kupiga upande wa pili mara nyingi?"

Avril alisimama, akavaa koti.

"Ni uongo wa kuuzia tiketi," akasema, akaondoka. Chai yake ilibaki nusu kikombe, na Avril hakuwa mtu wa kuacha chai.

Jioni ile simu yake iliita. Namba ngeni.

"Avril? Ni mimi. Usikate."

Akakata.

Baada ya muda kidogo ujumbe ukaingia:

"Nimesoma alichoandika Norris. Nimeishi miaka yote hii sijui. Nijibu swali moja tu, kisha sitakusumbua. Siku ile ulisikia wimbo gani?"

Avril aliutazama ujumbe mpaka kioo cha simu kikazima. Akakiwasha tena, akaandika: "Nilisikia ulichotaka nisikie."

Siku ile ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa themanini na moja. Clive Dungworth alisimama kwenye mlango wa mama yake Avril, amelowa mvua, gitaa la besi mgongoni na santuri ndani ya mfuko wa karatasi, imetoka kiwandani asubuhi hiyo hiyo. Bendi ilikuwa inahamia London. Clive hakuwa mtu wa maneno. Alimpa ule mfuko akasema, "Yote niliyo nayo ya kukuambia yapo upande wa pili. Ukishasikiliza, njoo stesheni Jumamosi." Kisha akakimbia, kwa aibu.

Avril alipanda chumbani, akashusha sindano. Russell, mwimbaji wa bendi, akaimba kwa ile sauti yake ya kukoroma:

Usinisubiri, tiketi yangu ni ya mtu mmoja,
mji huu na mvua yake nakuachia wewe.

Alisikiliza mara moja tu. Mtu akikufungia mlango usoni, hakuna haja ya kurudi kuusikiliza ulivyolia. Jumamosi ile alibaki nyumbani akipiga pasi nguo za watu wote wa nyumba ile. Baadaye aliolewa na Ron Staniforth, fundi bomba, mtu mwema, wakaishi vizuri mpaka Ron alipofariki. Kuhusu ile santuri, aliwaambia watu kwamba aliitupa kwenye mfereji wa maji taka nyuma ya kiwanda alichofanyia kazi baba yake.

Simu iliita tena siku ya pili. Safari hii aliipokea.

"Sema, umalize."

"Mimi niliandika wimbo kwa ajili yako," Clive alisema. "Niliuimba mwenyewe. Mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Niliambiwa ndio utakaokuwa upande wa pili. Russell naye alikuwa na wake. Jana nimembana, ndipo akaniambia: alimwomba fundi wa kiwanda cha santuri azichonge nyimbo zote mbili pamoja, tuwe bendi yenye kioja. Alidhani nitacheka nikigundua."

"Na hukugundua."

"Ningeipigaje? Nilikupa wewe bila kuipiga. Jumamosi hukuja. Tangu hapo sikutaka hata kuiona."

"Hadithi nzuri. Umeitunga lini, kwenye treni?"

"Avril..."

"Sikiliza, bwana wewe. Kipande cha plastiki siku hizi kinatengenezwa popote. Ninyi mnataka watu wanunue tiketi, mmetengeneza santuri mpya yenye maajabu, mkampelekea Norris maskini. Ile ya zamani ilikuwa na wimbo mmoja. Mimi ninayo, na..."

Akauma ulimi.

"Bado unayo?" Clive aliuliza taratibu.

"Ipo kabatini, nyuma ya mablanketi. Isikuvimbishe kichwa." Alivuta pumzi. "Jumatano tunakutana. Njoo. Nitaiweka mbele ya watu wote, wasikie wimbo ni mmoja, na wewe uone aibu uliyonipa mimi peke yangu chumbani. Ukiogopa, usije."

"Jumatano tuna mazoezi ya mwisho hapa London."

"Basi umepata kisingizio."

Usiku ule Clive alimwandikia Russell kwamba Jumatano hatakuwepo. Russell alijibu haraka: "Ukikosa mazoezi namtafuta mpiga besi mwingine. Sitanii." Clive akaandika: "Mtafute," akaenda kulala.

Jumatano kundi lilikutana katika chumba cha juu cha baa moja karibu na mto, chenye viti vya mbao, gramafoni moja na spika mbili kubwa kama makabati. Sheria zilikuwa za Avril, na zilijulikana. Kila mtu analeta santuri moja. Kila mtu anapiga upande mmoja, mara moja tu. Mgeni aliyekuja mikono mitupu hana zamu. Na sindano ikishagusa santuri, hakuna kusema na hakuna kutoka mpaka iinuke. Kuna jamaa aliwahi kufungiwa nje mwezi mzima kwa kutafuna bisi.

Clive aliingia amelowa, kama siku ile. Nywele zimeisha, mabega yameshuka, ila macho ni yale yale ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea.

"Habari yako, Avril."

"Kaa pale karibu na dirisha. Usiguse kitu."

"Angalau mpe mtu chai," alisema Pauline, nesi mstaafu, rafiki wa Avril tangu shule. "Amesafiri."

"Hata tarishi husafiri."

"Mimi nilikuwa tarishi," Norris alisema, "na nilikuwa napewa chai."

Watu wakacheka kidogo. Avril hakucheka. Alitoa kwenye kapu lake la sokoni mfuko wa karatasi uliokuwa umegeuka rangi. Clive alipouona alishika ukingo wa dirisha.

"Hii haijapigwa tangu siku niliyopewa," Avril alisema. "Haijaonwa hata na marehemu mume wangu, ingawa alijua ipo. Sikilizeni."

Akashusha sindano. Ikakwaruza, ikakwaruza, na Russell akakoroma: Usinisubiri, tiketi yangu ni ya mtu mmoja.

Hakuna aliyetikisika. Avril alisimama wima, mikono ameikunja, akausikiliza tena ule mlango ukifungwa. Clive aliinamisha kichwa. Alitaka kusema, lakini sheria ni sheria, naye alikuwa mgeni.

Sindano ikainuka.

"Mmesikia," alisema Avril. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Zamu yako, Norris."

Norris aliinuka na santuri yake kwapani. Akaiweka kitini.

"Mimi leo nachagua hiyo hiyo."

"Wewe umeleta yako."

"Sheria inasema nilete moja na nipige upande mmoja. Haisemi lazima niipige niliyoileta. Niambie kama nimekosea."

Avril alisogea kando. Norris akashusha sindano kwa uangalifu. Usinisubiri.

Wimbo ulipoisha, masharubu ya Norris yalikuwa yanacheza. "Yangu mimi hubadilika," alinong'ona. "Naapa hubadilika."

"Yako," Avril alisema. "Zamu ya Pauline."

"Na mimi hiyo hiyo."

"Pauline, umeisubiri zamu ya hiyo santuri yako mwezi mzima."

"Itasubiri. Haina miguu."

Pauline aliisogeza santuri kidogo kwa kidole kabla ya kushusha sindano, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Usinisubiri. Mzee mmoja nyuma aliguna, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hata Clive sasa alianza kuwa na wasiwasi. Huenda Russell alimdanganya. Huenda santuri ya Avril ilikuwa na mfereji mmoja, na wimbo wake uliishia kwenye nyingine asizozijua.

Sindano ikainuka. Clive akasimama.

"Avril, nipe mimi zamu moja."

"Mgeni hana zamu."

"Najua. Naomba."

"Umepoteza nini kuja hapa?" akamuuliza ghafla. "Mazoezi yenu ni leo."

"Nafasi yangu, labda. Russell ametafuta mtu."

"Miaka yote unangoja bendi irudi, halafu unaitupa kwa ajili ya kuja kukaa dirishani?"

"Bendi sikuwa nikiingoja."

Sindano ilikuwa juu. Avril aliwatazama watu wake mmoja mmoja, watu aliowazuia kutafuna, kukohoa na kurudia wimbo. Kisha akaisogelea gramafoni.

"Zamu yangu imekwisha," akasema. "Sheria nimeitunga mimi, na leo naivunja mimi. Anayetaka kunifungia nje mwezi mzima, anifungie. Nataka kujua."

Akafumba macho, akashusha sindano.

Ikakwaruza. Halafu likaja gitaa la besi peke yake, polepole. Na baada yake sauti nyembamba, inayotetemeka, iliyokosa noti ya kwanza na ya pili:

Mimi sijui kuimba, najua kungoja.
Wewe ulaye chipsi kwa mkono wa kushoto
ili wa kulia niushike,
nina tiketi mbili mfukoni.
Ukisema London hapana, nitazichana,
nitabaki.

Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua habari ya mkono wa kushoto. Pauline hakuijua. Avril alifumbua macho. Mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Machozi yalimshuka, na hakuweza kutoka nje wala kusema lolote. Sheria yake ilimshika pale pale, mbele ya watu, mpaka noti ya mwisho. Alisimama akaupokea wimbo wote.

Sindano ikainuka.

"Sauti mbaya," Avril alisema.

"Najua," alijibu Clive.

"Mbaya sana, Clive. Sasa naelewa kwa nini walikuficha."

Norris alicheka akiwa analia. Avril alijifuta uso kwa kitambaa cha Pauline.

"Ungebaki kweli?"

"Ningebaki. Ningefanya kazi kiwandani kwa baba yako, ingawa alikuwa hanipendi."

"Alikuwa anakuchukia. Kwa nini hukuja kunigongea mlango?"

"Niliacha treni mbili zikaondoka. Nikasema, amesikia, amekataa, sasa nikamwombe nini? Na wewe kwa nini hukuja kunitukana?"

"Ningejua anwani yako ningekuja. Nilikuwa nimeshayapanga matusi." Akakunja kile kitambaa. "Mimi silii kwa kumjutia Ron. Ron alikuwa mume wangu na nilimpenda. Uelewe hilo kwanza."

"Naelewa."

"Lakini nililala miaka na neno ambalo hukulisema. Hilo nalidai."

"Ndiyo maana nimekuja."

Simu ya Clive ikalia. Ujumbe. Aliusoma, akamwonyesha. Russell alikuwa ameandika: "Huyo mwingine hajui kitu. Jumamosi ufike mapema. Na umwambie Avril ule mfereji ulikuwa upuuzi wangu. Niombee radhi."

"Mwambie aniombe mwenyewe," alisema Avril. "Treni ya Jumamosi ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Utakuja?"

"Nimeuliza treni. Sijasema nakuja." Akaanza kuirudisha santuri kwenye mfuko wake wa karatasi. "Norris, piga yako sasa. Na lile tangazo lirudishe kundini. Kaa chini, Clive. Pauline, mpe chai."

Jumamosi Clive aliamka alfajiri, akanyoa mara mbili, akaenda stesheni mapema kuliko mtu mwenye akili timamu, ili safari hii atakayengoja awe yeye tena, na asilalamike. Besi mgongoni, tiketi mbili mfukoni. Akashuka ngazi za jukwaa la treni.

Avril alikuwa amekaa kwenye benchi la kwanza. Koti jipya, chupa ya chai, kapu la sokoni lenye ule mfuko wa karatasi ukichungulia. Mapajani alikuwa na chipsi za moto zilizofungwa gazetini, na alikuwa akizila kwa mkono wa kushoto.

"Umechelewa," akasema.

"Treni haijafika, Avril. Hata waliosafisha benchi hawajaondoka."

"Umechelewa, Clive."

"Ndiyo," akasema. "Nimechelewa."

Akatua besi chini, akakaa upande wake wa kulia.