Betri Ndogo ya Saa

Adhuhuri, ujia wa maduka ya umeme ulikuwa umejaa watu hadi mtu anapita ubavu ubavu, na hapo ndipo kona ya kompyuta kuukuu ilipomgonga Fundi begani.

"Samahani kaka!"

"Samahani ya nini? Mwombe radhi huyo mzee uliyembeba. Kwa umri wake anataka fimbo, wewe unamkimbiza kwenye msongamano!"

Watu wakacheka. Msichana aliyeibeba kompyuta hakucheka. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na vumbi la mashine lilikuwa limemchora mstari shavuni. Fundi alimtazama mpaka bisibisi ikamponyoka mkononi.

"Mafundi watatu wameniambia niitupe," alisema msichana. "Wewe ni wa nne?"

"Hao ni wauzaji, dada. Fundi ni mimi."

Dada yake Fundi, aliyekuwa akiuza makava ya simu kibanda cha pili, akakohoa kwa makusudi. "Haya, kaka yangu ameanza!"

Msichana alikuwa mkutubi wa maktaba ndogo, mitaa miwili kutoka pale. Mashine hiyo walipewa na ofisi iliyohama, na ilikuwa ikichukua nusu saa kuamka.

"Irudishe maktaba, kesho nitakuja kukuwekea Linux," Fundi alimwambia. "Ni mfumo mwepesi, hauli sana. Lakini nitaifuta diski yote, hadi chembe ya mwisho. Kuna kitu cha kuhifadhi?"

"Futa. Mna uchafu wa watu wengine tu."

Kesho yake alasiri Fundi alifika maktaba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaifuta diski, akachomeka fleshi, akawasha. Maandishi yakatiririka, halafu kioo kikawa cheusi tii.

"Imekufa," Mkutubi alinong'ona.

"Ngoja."

Akaiwasha upya. Kabla mfumo haujaanza, akaongeza neno moja kwenye mstari wa kuwashia, neno la kuiambia mashine iache mbwembwe za kadi yake ya picha na ichore kwa njia nyepesi. Wakasubiri, vichwa vyao vimekaribiana. Kioo kikapata weupe, kisha ubuluu ukatanda taratibu kama asubuhi, ukaangaza rafu za vitabu na uso wa Mkutubi. Fundi alikuwa ameziwasha mashine mia na zaidi, ila hajawahi kuona mtu akiangazwa na mwanga namna ile. Akajikuta ameshusha sauti, kama yuko mahali pa sala.

"Umeifufua," alisema Mkutubi.

"Haikufa. Ilikuwa haijaulizwa vizuri."

Ikabaki waifai. Kadi yake ilikuwa ya zamani, na dreva, programu ya kuiendesha, haikuja na mfumo. Fundi akawa anaisaka, na kila alasiri yuko maktaba kuleta habari za msako.

"Hivi Fundi, waifai ndiyo inayoumwa, au ni wewe?"

"Wote wawili. Dawa ni moja."

"Mwongo mkubwa!"

Simu nazo zikaanza. "Umekula?" "Nimekula. Wewe?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Dada mtu akazibwa masikio na mapenzi ya jirani.

Jumanne Fundi aliifungua mashine kuipuliza vumbi. Akaibandua kwenye ubao wake betri ya saa, ile ya mviringo kama kifungo. "Imekwisha hii. Kesho nakuletea nyingine." Akaitia mfuko wa shati ili asikosee saizi dukani. Mkutubi akamsogelea, akamfuta vumbi la nyusi kwa kidole gumba. Betri ikasahaulika papo hapo.

Alhamisi akaja na dreva kwenye fleshi. Mkutubi alikuwa chumba cha nyuma akipokea vitabu, mashine ameiacha inawaka. Fundi akafungua folda ili anakili dreva, na macho yake yakatua kwenye faili moja: *Mpenzi*. Tarehe yake ilikuwa ya Januari mosi, miaka kumi na mitatu iliyopita.

Hakupaswa kuifungua. Akaifungua.

*Mpenzi, kila ukiondoka chumba hiki kinakuwa kikubwa mno.*

Hakusoma zaidi. Damu ilimpanda kichwani. Miaka kumi na mitatu anaitunza barua ya mwanamume! Akaondoka bila kuaga, fleshi ikabaki inaning'inia na barua iko wazi kiooni.

Simu zake hakupokea. Siku ya nne akapokea, kwa ukali tu.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Mwite huyo wako wa miaka kumi na mitatu, akumalizie kazi."

"Wangu yupi?"

Akakata.

Jumatatu adhuhuri, Mkutubi alitokeza ujiani na gauni lile lile la kijani, ameikumbatia mashine ile ile. Akaitua juu ya meza ya Fundi kwa kishindo.

"Iwashe."

"Dada, mimi—"

"Nimesema iwashe."

Dada mtu akasogeza kiti apate kuona vizuri. Fundi akachomeka umeme, mashine ikaamka.

"Kona ya kioo. Nisomee tarehe."

Fundi akasoma. "Januari mosi... mwaka..."

"Leo ni Januari mosi?"

"Hapana."

"Maktaba kila jioni tunachomoa umeme. Mashine isiyo na betri ya saa ikichomolewa inafanyaje, Fundi?"

"Inasahau siku." Alisema kwa sauti ndogo. "Inarudi tarehe ya kiwandani."

"Betri iko wapi?"

Mkono wake ukapanda wenyewe mfukoni mwa shati lile lile la Jumanne. Ilikuwamo.

"Na diski alifuta nani?"

"Mimi."

"Hadi?"

"Hadi chembe ya mwisho."

"Basi barua ya miaka kumi na mitatu ilijificha wapi? Mwaka huo nilikuwa darasa la sita!"

Dada mtu alicheka hadi makava yakaanguka. "Fundi ni yeye, jamani! Wengine ni wauzaji!"

Mkutubi hakucheka. "Ulisoma kisicho chako, na hukumaliza hata kukisoma. Sasa maliza."

*Mpenzi, kila ukiondoka chumba hiki kinakuwa kikubwa mno. Jana uliondoka na betri mfukoni. Niliiona na sikukukumbusha, ili uwe na sababu ya kurudi. Lakini natamani siku moja urudi bila sababu.*

Kelele zote za ujia zikamwondokea. Mtu anayejua kuiuliza mashine yoyote, alishindwa kumuuliza binadamu swali moja.

"Nisamehe," alisema. "Sina neno jingine."

Mkutubi akamsukumia mashine. "Tia betri."

Akaizima mashine, akachukua betri mpya kutoka droo, akaibana mahali pake, akaiwasha tena. Akaweka saa, akaweka siku ya leo, na kioo kikaikubali.

"Sasa fungua kalenda," alisema Mkutubi. "Jumapili hii. Andika: *Kwenda kwa mama*."

"Mama yako? Niseme nimefuata kutengeneza nini?"

"Hakuna kilichoharibika kwa mama, Fundi."

Akaandika.