Kadi za Mitungi ya Gesi

Kila Jumapili, nikishamaliza kuosha vyombo vya mchana, Baba alinivutia kiti mezani. Yeye alikuwa mpimaji katika kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi. Kazi yake ilikuwa kuuzamisha kila mtungi ndani ya tangi la maji na kuutazama. Ukitoa mapovu, unavuja. Kila mtungi ulikuwa na kadi yenye visanduku vitatu: umezamishwa, hautoi mapovu, unaweza kuuzwa. Kadi hizo alizileta nyumbani; mimi nilitia alama za vema, yeye akatia sahihi.

"Karani Mkuu, kazi iende!" alinitania, nami nikavimba kichwa.

Alhamisi moja mwalimu wa maarifa ya jamii alituwekea filamu kwenye kompyuta ya shule, tukabanana darasa zima mbele yake. Ilihusu kampuni iliyouza breki mbovu za mabasi, huku wakubwa wake wakijua. Kabla haijaanza, alituambia habari za wanazuoni watatu wa zamani waliochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja.

"Wa kwanza angeuliza: nani anapata faida, na nani anaumia? Wa pili angesema: kazi ikikatwa vipande, kila mtu hulinda kipande chake, asiwepo anayejiona mkosaji. Wa tatu angesema: watu hushikamanishwa na yale wanayoyaonea aibu. Aibu ikifa, kosa hugeuka desturi. Kila mmoja ni miwani. Ivaeni mtazame."

"Mwalimu, miwani tatu kwa pua moja?" akauliza Redio, jirani yangu wa dawati. Tukaangua kicheko.

Katikati ya filamu hamu ya kucheka ilinitoka. Karani wa ile kampuni alikuwa sebuleni kwake, kikombe cha chai pembeni, akitia vema kwenye kadi, ilhali breki zenyewe hakuna aliyezigusa.

"Shetani huyo!" Redio akanong'ona.

"Angekuwa shetani tungemkimbia," mwalimu akamjibu. "Mtazame vizuri. Ni baba wa watu."

Sijui filamu iliishaje. Nilikuwa nakumbuka kitu kimoja tu: kadi zetu za Jumapili ziliandikwa tarehe ya Jumatatu. Baba alipimaje mitungi ya kesho?

Jioni nilimkuta mlangoni akivua buti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Karani Mkuu."

"Usiniite hivyo. Zile kadi zina tarehe ya Jumatatu. Mitungi unaipima lini?"

Akaziacha kamba za buti. "Ile ninayoiwahi, naipima," akasema taratibu. "Malori hayasubiri, mwanangu. Msimamizi anataka kadi zote mezani asubuhi, na mimi kazi yangu ni kadi. Hata walionitangulia walifanya hivyohivyo."

Miwani zote tatu zilikuwa ndani ya jibu lake: faida ya wenye malori, kipande chake cha kazi, na desturi isiyoonewa aibu.

"Kumbe uliazima mkono wangu kudanganyia watu!" nikasema, machozi yakinilenga. "Na mimi najiona nakusaidia! Vema zile ni zangu, Baba. Mtu akiungua, ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakupaza sauti.

"Baba watoto, na huu wetu ulipimwa?"

Mtungi wetu ulitoka kiwandani kwao Jumatatu ya wiki ile. Baba alimtazama Mama, akanitazama mimi. Aliingia jikoni na buti moja mguuni, akaufunga mtungi, akaubeba hadi uani. Chakula kilibaki nusu mbichi. Tulikula mkate mkavu.

Ijumaa asubuhi, kama wenzake walivyotusimulia baadaye, Baba alisimama getini kiwandani, akazuia lori lisitoke.

"Leo umekuwa malaika?" msimamizi akamfokea.

Baba akakiri mbele ya wenzake kwamba kadi zilikuwa za uongo na sahihi ni zake. Mitungi ya lori lile ikazamishwa mmoja mmoja, na minne ikatoa mapovu. Meneja alipoyaona kwa macho yake, akaamuru mitungi yote ya wiki ile irudishwe kutoka madukani. Baba aliondolewa kwenye upimaji, akapelekwa kuosha mitungi.

Siku mbili sikumwambia neno zaidi ya shikamoo. Jumapili akaniita uani, alikokaa kwenye benchi.

"Mwanangu, nilidhani mwongo ni yule anayetaka kuumiza mtu. Sivyo. Mtu anaweza kuwaumiza watu asiowajua kwa kufuata wenzake na kunyamaza. Wewe uliniamini, kosa ni langu, si la mkono wako. Kazi usiyoifanya usiseme umeifanya, hata kama kila mtu anasema hivyo."

"Nilikuamini, Baba."

"Najua. Sikuombi uniamini leo. Nitazame tu ninavyokwenda."

Nikakaa kwenye benchi lile, lakini nikaacha nafasi katikati yetu.