Binti wa Nyumba ya Tatu

Sokoni Kisii siku ya Jumatatu, mtu akikukanyaga humwulizi sababu. Unashukuru tu kama hakuvaa buti. Mwaka huo wa 1972 ndizi zilikuwa zimejaa hadi zikamwagikia barabarani, na katikati ya msukumano ule alisimama Bitutu, msichana wa miaka ishirini na mitatu, gauni la maua ya manjano lililokomea juu ya magoti, kitambaa cheupe kichwani, akibishana na mama muuza ndizi.

"Subiri tafadhali," alisema, mkono umezama mkobani.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akashtuka. "Hiyo sauti! Ee Mungu wangu, hiyo sauti naijua!"

Bitutu akageuka. Akamwona kijana mrefu, suruali ya kaki, gambuti zimeganda matope, kalamu mbili mfukoni, na meno meupe ya mtu anayecheka ovyo.

"Umeijua wapi?"

"Kila asubuhi saa mbili na robo. 'Nambari tafadhali. Subiri tafadhali. Laini ina shughuli.' Wewe ni opereta wa simu pale posta!"

"Na wewe ndiye wa nambari ile, Keumbu tano! Mbona hupiga kelele hivyo? Wataka kuniua masikio?"

"Dada, nikipiga simu ninazungukwa na ng'ombe. Nisipopiga kelele utawasikia wao."

Jina lake Cleophas Angwenyi, mzaliwa wa Magwagwa, na kazi yake ilikuwa kichekesho cha wilaya nzima. Alizunguka na mtungi unaofuka moshi wa baridi, ndani yake mbegu za mafahali wa daraja la juu, akiwapandishia wakulima ng'ombe wao bila fahali kuonekana. Wazee walimwita Bwana Fahali na kuangua vicheko. Lakini ajabu ya Mungu ni hii: huyo aliyebeba waume wa ng'ombe mtungini ndiye aliyeshikilia, mchana kweupe na mbele ya yeyote, kwamba mwanamume ni wa mke mmoja.

Basi simu za saa mbili na robo zikabadilika.

"Nambari tafadhali."

"Nipe moyo wa opereta."

"Hiyo haimo kitabuni, bwana."

"Basi nipe ofisi ya mifugo. Hiyo nyingine nitaingoja."

"Ngoja. Ukiota mvi nitakuambia."

Wenzake ofisini wakawa wanamkonyeza. Bitutu naye, ambaye hakuwa mwepesi wa kuyeyuka, akajikuta anafika kazini saa mbili kasorobo, nywele zimechanwa zikasimama, midomo ina rangi. Kwani simu huonyesha midomo? Mapenzi hayana akili jamani.

Jumapili moja Cleophas alimpeleka kwenye kinamasi kilichoko chini ya Keumbu. Siku hiyo alikuwa amevaa suruali ya bugaluu ya kahawia na shati la kola ndefu, ananukia sabuni. Akamwonyesha korongo wawili wenye mataji wakitembea polepole majanini.

"Hawa nawajua mwaka wa tatu sasa. Dume ana kovu mguuni, jike bawa limepinda. Ni wale wale kila mwaka."

"Kwa nini wasitafute wengine? Wanaume wa kwenu huchoka mwaka mmoja tu."

"Ni habari ya kulea, mpenzi. Yai likiachwa linapoa. Mmoja ataatamia, mwingine atalinda na kula, kisha wabadilishane. Dume akitoroka, watoto wanaliwa, na ukoo wake unakatika hapo. Ndege wengi wako hivyo, wawili wawili. Sasa tazama ng'ombe. Ndama anazaliwa, muda si muda amesimama, na maziwa ni ya mama. Fahali akae afanye nini? Anakwenda zake."

"Na mtu?"

Cleophas akakuna kichwa. "Mtu ndiye mwenye taabu. Mtoto wake anakaa mwaka mzima hajasimama, na miaka kumi na tano bado anakula jasho la wengine. Ukimtazama hivyo, unaona ni mzigo wa wawili. Lakini zamani mashamba yalikuwa mapana na jembe ni la mkono. Wake watano walilima kuliko mmoja. Ng'ombe wa mahari ya dada wakamwoza kaka, wa binti wakamwongezea baba mke. Haikuwa tamaa peke yake, Bitutu. Ilikuwa ni shamba."

"Na hilo shamba sasa liko wapi?"

"Limegawanywa likaisha. Watu wana ekari mbili za chai, na bado wanataka wake watano."

Bitutu hakucheka. Alikaa kwenye jiwe akavua viatu vyake vya kisigino.

"Mama yangu Mong'ina ni mke wa tatu," alisema. "Baba alijiwekea zamu, halafu zamu yenyewe hakuifuata. Mama alipika kila jioni. Mtu akikohoa njiani, anainua kichwa. Baba akipita kwenda nyumba ya kwanza, mama alitugawia sisi ile nyama, anasema yeye hana njaa. Nimemwona miaka kumi na minane akisema hana njaa. Sasa nisikilize vizuri, Cleophas. Mimi sitaki kuwa wa kwanza, wala kuwa mpendwa kuliko wenzangu. Nataka kuwa mmoja. Ikishindikana, nitabaki na waya zangu posta mpaka nizeeke."

"Mmoja," alisema Cleophas. Akamshika mkono. Lakini macho aliyapeleka majini, na Bitutu alikuja kulikumbuka hilo baadaye.

Kwao Bitutu ni Nyakoe. Mzee Ombati, baba yake, aliposikia kuna mchumba, alifanya kama afanyavyo Mgusii yeyote mwenye binti: akatuma esigani, yaani mshenga wa kupeleleza ukoo wa kijana. Akamchagua dada yake, Persis, mwanamke ambaye jicho lake halikupitwa na kitu. Persis akaenda Magwagwa, akarudi baada ya siku mbili, akaketi mbele ya watu wote akatoa ripoti.

"Ukoo ni safi. Hawana ukoma, hawana wachawi. Na kijana si mtoto, amekomaa! Ana mke na wana wawili wa kiume. Nimemkuta juu ya paa anamwezekea mkewe nyumba, watoto wako chini wanamwita baba, 'tata, tata'. Mke mwenyewe ana heshima, amenipa uji wa wimbi mzito kabisa."

Ndiyo, aliyasema haya kama sifa! Na Mzee Ombati akatikisa kichwa kwa furaha.

"Vyema. Mwenye mke ameshajifunza kukaa na mwanamke. Bitutu atakuwa wa pili. Si amempita mama yake, aliyekuwa wa tatu?"

Bitutu alimtazama mama yake. Mong'ina alikuwa akimenya viazi, na kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

"Tata," Bitutu akasema kwa hasira, "afadhali unioze kwa huo ubao wa simu."

Jumatatu, saa mbili na robo, taa ya Keumbu ikawaka.

"Nambari tafadhali."

"Kipenzi, bwakire buya! Umeamkaje?"

"Laini ina shughuli."

"Laini gani? Sijataja nambari!"

"Laini zote za Magwagwa zina shughuli, bwana. Mwulize mkeo." Akachomoa waya.

Cleophas akapiga tena, Bitutu akachomoa tena. Cleophas akaja mwenyewe hadi kaunta ya posta, Bitutu akatokea mlango wa nyuma. Wiki mbili hivyo. Keumbu yote ikaona taabu, maana mkulima akitaka kuitisha mbegu simu haipiti, na ng'ombe hamngoji opereta apunguze hasira. Akina baba wakanung'unika, Bitutu hakujali. Mchana alichomeka waya za wenzake wenye wapenzi wakweli, na akifika chumbani kwake analia mpaka mto unalowa. Loo, alimpenda yule mwongo!

Ijumaa ya wiki ya pili mwanamke mmoja aliingia posta, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya plastiki, mgongo umenyooka. Akaulizia Bitutu. Walipotoka nje kwenye ngazi, akasema bila kuzunguka:

"Mimi ndiye yule mke."

Bitutu akakunja mikono kifuani. "Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kukuona, maana naambiwa umemkausha shemeji yangu mpaka mashavu yameingia ndani." Akajipangusa jasho. "Naitwa Nyanchera. Mume wangu alikuwa kaka yake Cleophas. Alikufa mwaka juzi. Wanangu wanamwita tata kwa sababu ni baba yao mdogo, wewe si Mgusii? Yule shangazi yenu alikunywa uji wangu vibuyu viwili, na swali moja tu hakuniuliza!"

Bitutu akakaa kitako pale ngazini. "Kwa hiyo si mkewe?"

"Bado, kulingana na ukoo. Wazee wanasema anirithi. Cleophas anawaambia 'ngojeni, ngojeni', mwaka wa pili huu."

"Kwa nini asikatae?"

"Kwa ajili yangu, dada. Machogu, mdogo wa baba mkwe, anasema nyumba isiyo na mwanamume chai yake itachumwa na ukoo. Cleophas akisema hapana, natupwa. Akisema ndiyo, anakupoteza wewe. Basi ananyamaza, kama wanavyonyamaza wanaume wote wakibanwa." Akamkazia macho Bitutu. "Na hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa na mume, nilimpenda, amekufa. Mimi si blanketi nirithiwe. Jumapili hii wazee wanakaa, na mimi nitasema. Njoo usikie, au baki hapa na waya zako."

Jumapili Bitutu alikuwa Magwagwa, gauni la buluu, miwani ya jua usoni, amesimama mahali ambapo msichana mgeni hasimami. Wazee tisa walikuwa wameketi uani. Cleophas alipomwona alitaka kuinuka, Machogu akamwashiria akae.

"Sema leo," Machogu alinguruma. "Mwanamke huyu unamchukua au humchukui?"

"Simchukui, mzee. Nitamsaidia kulima, nitawasomesha wana wa ndugu yangu. Mume wake siwi. Nina mmoja nimpendaye."

Minong'ono ikazuka. Machogu akacheka cheko la dharau. "Mmoja! Msikieni Bwana Fahali! Wewe kazi yako si kutuletea fahali mmoja kwa ng'ombe mia? Mungu mwenyewe ameumba hivyo, nawe unakula mshahara wake. Leo unatuhubiria nini?"

"Ni kweli, mzee. Lakini ni lini umemwona fahali akimpeleka ndama zahanati? Ni lini amechuma chai apate karo? Mnaposema mume awe fahali, kubalini basi na watoto wawe ndama, waamke siku ya kwanza wajitafutie majani."

Mzee mmoja alijikuta anacheka, akajifanya anakohoa. Machogu akafura.

"Na nyumba ya marehemu ikae bila mwanamume?"

"Ina wanaume wawili," Nyanchera akasema, akawavuta wanawe mbele. "Huyu ana miaka minane, huyu sita. Shamba ni la baba yao. Chai nimeipanda kwa mikono hii nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Anayetaka kuichuma aje kesho asubuhi, atanikuta shambani na panga, nafyeka magugu."

"Mwanamke hasemi hapa!"

"Ataanza leo," Bitutu akasema. Vichwa vyote vikageuka. Kinywa chake kilikataa kufungwa. "Wazee wangu, mimi ni mtoto wa nyumba ya tatu. Ninyi mwaijua hiyo nyumba kutoka mlangoni, mkiingia kula. Mimi nimekulia ndani. Mnasema mila, na mimi siidharau mila. Ilikuwa na sababu zake, ardhi ilipokuwa pana. Sasa sababu zimekwisha, mmebaki kutumia wake zenu kujaza ekari mbili. Nyanchera hataki, Cleophas hataki, mimi sitaki. Ninyi mnataka kwa niaba ya nani?"

Machogu akasimama, akatema mate kando. "Ukimwoa huyu mwenye mdomo, hakuna mtu wa ukoo huu atakayekanyaga harusi yako."

"Basi nyama itatosha," Cleophas akasema.

Kwenye njia ya kutokea, alimkimbilia Bitutu akihema. "Mpenzi, nisamehe. Niliogopa kukuambia."

"Umenieleza habari za korongo kutwa nzima, habari za kaka yako zikakushinda? Ungenyamaza mpaka lini? Tungezaa watatu huku unawaambia wazee wangoje?"

"Sina la kujitetea."

"Huna kweli." Akavua miwani, machozi yakamtoka waziwazi. "Usinifiche kitu tena. Kesho saa tatu tuonane ofisi ya DC, tukaandike tangazo la ndoa. Na nakuoa mimi, usije ukasema ni wewe."

Tangazo lilibandikwa siku ishirini na moja. Mzee Ombati aliliita karatasi ya Wazungu, akasema ng'ombe wa mahari atapokea lakini ofisini hatatia mguu. Hakwenda kweli. Siku ya ndoa walikuwapo Nyanchera na wanawe, maopereta wawili wenye vilemba vya waridi, na bwana harusi katika suti iliyomzidi mabega. Bitutu alivaa nyeupe fupi, na aliyependa kusema akaseme.

Afisa alipokuwa karibu kuanza, mlango ukafunguka, akaingia Mong'ina. Alikuwa ametembea kutoka Nyakoe bila kumwomba mtu ruhusa. Hakutaka kiti.

Afisa akasoma, karani akatafsiri kwa Kigusii: maadamu ndoa hii ipo, hakuna mmoja wao awezaye kuoa wala kuolewa na mwingine, na atakayefanya hivyo ametenda kosa la kufungwa jela.

"Naelewa," Cleophas akasema.

Bitutu akafungua kinywa, mama yake akamtangulia. "Mwanangu," alimwambia karani, "hayo yameandikwa hapo, au umeyatoa kichwani?"

"Yameandikwa, mama."

"Na mwanamume akioa mwingine, anafungwa yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Mong'ina akasogea karibu na meza. "Soma tena."

Afisa akatazama saa yake, nje kulikuwa na foleni ndefu. Bitutu akamkazia macho. "Soma, bwana. Sisi hatuna haraka."

Karani akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni ya nje, na mke wa tatu wa Ombati akasikiliza amesimama wima, neno baada ya neno, mpaka mwisho.