Unanuka Sana, Justa

Treni ilikuwa imeingia Mwanza na stesheni nzima ilikuwa ikichemka: wachukuzi, mama ntilie, wafanyabiashara wa soko huria na mafurushi yao ya mitumba. Justa, ndani ya gauni la bluu lenye mikunjo, alifungua boksi lake la barafu ahakikishe zabibu zimefika salama kutoka Dodoma. Akakutana macho kwa macho na sangara.

"Dada, huyo ni wangu," ilisema sauti nyuma yake. Kijana mrefu mwenye shati la maua alikuwa amekumbatia boksi linalofanana kabisa na lile. "Nilikuwa nampakia aende Tabora. Zako hizi hapa. Nimeonja, tamu."

"Umekula sampuli zangu?"

"Mbili tu. Naitwa Otuoma."

Mjaluo wa Shirati, muuza samaki, na haya hakuwa nayo hata chembe. Kabla ya kubadilishana maboksi alikuwa ameshapata namba ya simu ya kazini kwa Justa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mwekezaji wa mvinyo alitaka kujua ni zabibu zipi zina harufu nzuri zaidi, na ni nini hasa ndani yake kinachoileta. Justa alizikamua, akaingiza mvuke wake kwenye mashine, na mashine ikachora vilima kwenye karatasi: hiki kemikali ya waridi, hiki ya limau, hiki ya majani mabichi. Kisha alinusa mwenyewe kuhakiki. Kwa hiyo siku za kazi manukato yalikuwa mwiko kwake, hata sabuni ya kunukia hakuigusa.

"Haloo, maabara," Justa alipokea simu.

"Naomba kuongea na pua yangu."

"Pua yako iko kazini, we mwanaume."

"Iambie nimeikumbuka."

Basi Justa alicheka mpaka Dorotea, mwenzake wa meza ya pili, akamkonyeza. Alimpenda Otuoma, tena vibaya sana. Mwekezaji alikuwa akifungua maabara Dodoma na kila mwezi alimwomba ahamie huko. Kila mwezi Justa alijiuma-uma, akisubiri Otuoma atume washenga kwa baba yake.

Jumamosi moja Otuoma alimwalika kwenye bustani ya ufukweni, Pasiansi. Justa alivaa gauni jekundu na, kwa mara ya kwanza tangu wawe wapenzi, akajipaka manukato. Otuoma alisimama, suti imenyooka, akavuta pumzi, akatamka kwa sauti ya sokoni:

"Justa, leo unanuka sana."

Meza ya jirani ilipasuka kwa kicheko. Justa alichukua mkoba wake na kuondoka. Otuoma alibaki ameduwaa na soda mbili.

Wiki nzima alipiga simu. Wiki nzima Justa hakupokea. Mwekezaji alipouliza tena, Justa alisema ndiyo. Otuoma alipofika maabara alimkuta Dorotea peke yake.

"Kasafiri jana, shemeji. Ulimwambia ananuka."

"Ndiyo, nilimsifu."

Dorotea alimtazama kwa huruma. "Kinachonuka ni jalala, shemeji. Mwanamke hunukia."

Maskini, Kiswahili alikiokotea sokoni, na maneno hayo mawili hakuwahi kuyatenganisha. Alikaa kwenye ngazi za maabara, kichwa mikononi.

Huko Dodoma, Justa alikuwa amezungukwa na zabibu za kila shamba. Aliweza kutaja kila harufu iliyomo, na hakuna hata moja aliyoitamani. Alimtamani Otuoma, hata kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Simu ilipolia, aliijua pumzi kabla ya sauti.

"U-na-nu-ki-a," Otuoma alisema polepole. "Siku ile nilitaka kusema hivyo. Nisamehe, pua yangu."

Justa alicheka, kisha akalia. "Umechelewa. Nimeshasaini miaka miwili."

"Nitasubiri."

"Nani amekuambia usubiri?"

"Sasa nifanye nini, na wewe uko Dodoma?"

"Niliyehama ni mimi, Otuoma. Baba yangu bado yuko hukohuko Mwanza, palepale Mabatini, na Jumapili huwa hatoki nyumbani."