Mbari Isiyo na Udhaifu

Kisanamu cha Sylvance kilikuwa kimelowa. Kiema, aliyekichonga mwenyewe kwa mpingo, alikifuta kwa shati lake akakirudisha mezani. Kikalowa tena. Kilinuka udongo uliochimbuliwa punde.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mtaa wa Mowlem, wiki ya sita tangu Sylvance azikwe Siaya. Yeye na pacha wake, Adongo, ndio waliobuni mchezo huu wa mashujaa: dadu, vinyago, na daftari lenye mbari na kazi za kuchagua. Kiema, rafiki yao, alikuwa msawazishaji: kila kipawa alikipa udhaifu wake. Jitu lina nguvu, basi ni zito mwendoni. Mganga huponya, basi hashiki mkuki.

"Nani ameandika hii?" Kiema alinong'ona, kidole kwenye ukurasa wa mwisho. "Mbari: Warejeao. Kipawa: hawafi. Udhaifu: hakuna."

"Mimi. Ni ya Sylvance."

"Aki Adongo! Hata yeye angekucheka. Mbari kama hii inameza meza nzima."

"Imeze. Nilimtaka hapa."

Dadu zilizokuwa mbele ya kiti kitupu zikabiringika zenyewe. Sita. Sita. Sita. Chumbani, Mama wa pacha hao akaanza kukohoa.

"Adongo," sauti ya Sylvance ikasema kutoka kitini, "bado ni zamu yangu."

Adongo aliinuka kuikimbilia sauti ile, mikono tayari imefunguka, kisha akajizuia kwa kushika ukingo wa meza, kwa maana Sylvance, tangu walipojua kusema, hakuwahi kumwita jina lolote ila Pacha, na huko chumbani kikohozi cha Mama kilikuwa kimegeuka mkoromo, na kila dadu ilipotua pumzi yake ilipungua.

"Si yeye," Kiema alisema. "Ni jini, limeingia kwa jina lake. Hukuliandikia udhaifu, basi linamlipisha Mama. Futa!"

Adongo alikata mstari. Maneno yaliyokatwa yakajitokeza tena. Akaandika: *Huogopa moto.*

Sita. Sita.

"Nyepesi hiyo! Hawafi, Adongo! Andika kitu chenye uzito huo!"

Alitazama mlango wa chumba. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Kisha akaandika, polepole, kwa mwandiko safi: *Mama aliyewazaa huwasahau.*

Dadu zikatulia. Kiti kikalia kama mtu ameondoka.

Mama alitoka akijifunga kitambaa, pumzi zake sawasawa. "Mbona mnalia kama watoto?" Kando ya redio akaokota karatasi ya ratiba ya mazishi, akaisogeza dirishani, akaitazama picha ya Sylvance.

"Kijana mzuri hivi!" alisema. "Adongo, mama yake yuko wapi? Tulienda kumpa pole?"