Pumzi ya Upande wa Ukutani

Fundi magodoro alibana pumzi ili asikilize, na pumzi ikaendelea.

Ilikuwa mchana, mlango wazi, jua limejaa chumbani. Ilitoka upande wa ukutani, alikokuwa akilala marehemu mkewe, na ilinuka sufi iliyolowa. Hakuogopa kama ilivyompasa. Nyumba ilikuwa kimya tangu msiba, na mpweke hachagui mgeni.

Hospitalini daktari mpasuaji alimwambia wameuwahi ugonjwa. Saratani ilikuwa bado ndogo kama kunde, juu kwenye pafu la kulia. Angeweza kukata kipande chenye uvimbe peke yake, au kuondoa pande lote la juu, na kwa mtu mwenye nguvu kama yeye, pande lote ndilo salama zaidi. Fundi alielewa upesi. Sufi ikiota ukungu huchomoi donge. Unatoa upande mzima, la sivyo utaitwa tena.

Dada yake mkubwa alimcheka kwenye simu. "Miaka yote unapasua magodoro ya watu, leo zamu yako. Kubali, mdogo wangu."

Akakubali. Lakini siku ya kwenda kulazwa, alipojinyoosha kidogo kitandani, ile pumzi ilimjia sikioni, ikapanda kifua chake kilipopanda na kushuka kiliposhuka, harufu ikazidi hadi ulimi ukawa mchungu, na aya aliyoanza kuisoma ikamkwama kooni kwa sababu kitu kile kilikuwa kikiivuta hewa kabla yake, kisha kikanong'ona kwa sauti ya mkewe:

"Mwambie akate kipande tu."

"Kwa nini?"

"Nami nitakaa wapi?"

Alitoka mbio bila viatu. Pande lote likaondolewa, na daktari akamwambia kingo zote ni safi, ugonjwa haukubaki.

Aliporudi nyumbani alibana pumzi akasikiliza. Kimya. Akamshukuru Mungu, tena kwa dhati. Ila siku zilipita akinywa chai peke yake, akikohoa peke yake, akijijibu mwenyewe. Mungu atusamehe, binadamu tunamfukuza shetani kwa ulimi huku moyo umeshamtandikia.

Alasiri moja alijilaza, mshono ukimvuta ubavuni. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha, polepole, akasogea ukingoni, akaacha nafasi upande wa ukutani.

Godoro likabonyea.