Nyayo Kwenye Majivu

Mama Kuku hakumwamini hata jogoo wake. Kila asubuhi alihesabu mayai mara mbili. Kisha alijaza toroli mavi ya kuku, akaenda kuyamwaga pembeni mwa msitu, nyuma ya nyumba.

"Kuleni, wanangu," aliiambia miti.

Mwaka wa kwanza miti ilinawiri. Mwaka wa tatu majani yakageuka manjano, na miti mitatu ikakauka kabisa.

"Ni Fundi tu!" alimwambia mumewe. Fundi, jirani yao seremala, alikuwa na kibali cha kuchukua miti iliyokauka. "Mti ukifa, nani anapata mbao? Anaitilia sumu! Kamati ya msitu lazima imnyang'anye kibali."

"Umemwona?"

"Mwizi haonekani, baba. Huviziwa."

Jioni akatandaza majivu kuzunguka miti. Asubuhi akamwaga toroli lake kama kawaida, kisha akamwita Bibi Misitu, mtumishi wa idara ya misitu. Fundi naye akaja.

Kwenye majivu palikuwa na nyayo za buti. Kisigino kimoja kilikuwa na kiraka.

"Haya, Fundi! Lete mguu!"

Fundi akainua kandambili yake. "Shemeji, buti nimelitoa wapi mimi?"

Bibi Misitu akatazama buti la Mama Kuku. Kiraka hicho hapo.

"Lakini mimi nailisha! Mbolea inaua?"

"Ikizidi, dada yangu. Mavi ya kuku yana naitrojeni nyingi. Kidogo ni chakula. Ikizidi, mti unakua mbiombio, halafu udongo unachachuka. Vijiuyoga vinavyoisaidia mizizi vinakufa. Hata hii harufu inayochoma pua ina naitrojeni, inabebwa na upepo mpaka msituni."

"Miti mitatu tu. Kuna hasara gani?"

"Mti ni ghala. Unavuta kaboni, ile hewa ya moshi, unaifungia kwenye shina na mizizi. Mti ukifa ukaoza, kaboni inarudi hewani, na joto la dunia linazidi."

Mama Kuku akainamisha kichwa. "Nisamehe, Fundi. Kidogo nikuharibie kazi."

"Samahani hailiwi, shemeji. Lete mayai! Mimi nitakupa maranda."

Wakachanganya mavi na maranda ya mbao, mbali na msitu, wakayafunika yasilowe. Mbolea ilipoiva ikaenda shambani, kwa kipimo, wakati wa kupanda tu.

Misimu miwili ikapita. Hakuna mti mwingine uliokauka, na miche ikaanza kuchipua.

Mama Kuku bado anahesabu mayai mara mbili. Lakini siku hizi jambo likiharibika, huanza kwa kukagua mabuti yake.